Mrejesho: boksi la sabufa (spika ya besi) kwenye gari langu la Probox

Wadau, niliuliza kwa nini sabufa yangu ya inchi 12 inatetemesha tu boksi la plywood nililouziwa pamoja na gari. Mkaniambia nijenge jingine la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18, lisilopitisha hewa, lita 30 hivi ndani. Fundi wa Kibuye alinikatia vipande kwa mashine. Nikaunga kwa gundi na skrubu, nikapaka silikoni kila kona ya ndani. Hapo msiharakishe: ngojeni ile harufu kali ya siki iishe kabisa ndipo mfunge spika. Sasa gita la besi kwenye muziki wa benga linasikika noti kwa noti, hapa Kisumu hadi Maseno! Asanteni sana, hasa aliyesisitiza nitoboe kwanza kabla ya skrubu. MDF hupasuka ukingoni.