Hilux ya gia ya usukani: nibadilishe bushi au nihamishie gia chini?

MkulimaMlali

Wakuu, habari za kazi. Nina Hilux pikapu ya 1979, injini 12R, gia nne, mkono wa gia upo kwenye usukani kama ulivyotoka kiwandani. Inatoa nyanya na kabichi Mlali kwenda soko la Chifu Kingalu pale Morogoro mjini, ikirudi inabeba mbolea.

Tatizo ni kwamba mkono umelegea mpaka unaning'inia. Unatafuta gia ya kwanza inaingia ya tatu, gari inazimika kwenye kilima ikiwa na mzigo. Rivasi mpaka uunyanyue mkono kwa nguvu, na gari ikishapata moto ndiyo inagoma kabisa. Fundi wa kwanza kaniambia nibadilishe bushi, zile pete za kwenye viungo vya mkono. Wa pili kasema nisipoteze hela, bushi za gari hizi hazipatikani tena, nikate sakafu niweke gia ya chini, yaani mkono utokee sakafuni.

Naomba mliopita njia hizi mbili mnilinganishie gharama, uimara na nafasi ya mbele, maana huwa tunakaa watatu. Nawasilisha.

FundiSele_Gerezani

Mkuu, hao wote wamekujibu kabla ya kukagua. Mkono wa juu ukilegea, ugonjwa unaweza kuwa sehemu kadhaa, na gia ya chini haitibu zote.

Zima gari, weka kabari kwenye tairi. Mtu mmoja akae ndani aucheze mkono taratibu. Wewe fungua boneti uangalie pale kolamu, yaani nguzo ya usukani, inapotokea upande wa injini, kisha ulale chini uangalie kwenye giaboksi. Fuata mwendo kutoka juu kwenda chini. Mkono unakwenda lakini bomba la kolamu limetulia? Pini ya juu imelika na tundu lake limepanuka. Bomba linageuka lakini rodi ya kwenda giaboksi inachelewa kufuata? Ni bushi za mikono midogo ya chini. Bomba lenyewe linayumba huku na huku kwenye mguu wa kolamu? Bushi ya chini ya kolamu imekwisha, na hiyo ndiyo inayokupotezea laini, yaani njia ya jozi ya gia, unatafuta moja unapata tatu.

Halafu chomoa rodi kwenye giaboksi, uingize gia moja moja kwa kusukuma mikono midogo ya ubavuni. Kwenye Toyota hizi mkono mmoja unachagua laini, mwingine unasukuma gia. Gia zikiingia safi, kila moja ikikaa mahali pake, giaboksi ni nzima na hela yako iende kwenye kolamu. Zikigoma hapo pia, au kama huwa gia inachomoka yenyewe ukiteremka mlima mguu ukiwa nje ya mafuta, basi shida iko ndani ya giaboksi. Hapo hata ukiwekewa bushi za dhahabu hakuna kitakachobadilika.

Rivasi kugoma gari ikiwa ya moto, ipime peke yake. Ukizima injini inaingia laini, ukiwasha inasaga? Hiyo ni klachi haiachii vizuri. Kagua silinda za klachi na oili yake kabla hujalaumu gia.

Na kuna kitu wengi hawaangalii kabisa. Kolamu imefungwa kwenye bodi, giaboksi imekaa kwenye chasisi juu ya mpira. Mpira ukishakufa, giaboksi inashuka na vipimo vya rodi vinaharibika, hata kama bushi zote ni mpya. Nimeshapokea gari zilizobadilishiwa bushi gereji nyingine mara kadhaa, kumbe dawa ilikuwa mauntingi tu, yaani huo mpira. Weka jeki na ubao chini ya giaboksi, inyanyue kidogo, mtu ajaribu gia. Zikipona ghafla, umepata jibu.

Kamaa404

Naunga fundi mkono. Mimi niko Nyeri, nina Peugeot 404 pikapu ya baba, gia nne kwenye usukani. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, halafu 1966, 1967 na 1968, na gari hizo zilitoka kiwandani na gia ya usukani. Kwa hivyo mtu asikuambie mfumo wenyewe ni dhaifu. Ni mfumo wenye viungo vingi, na kila kiungo kikilika kidogo tu, ule mlegeo wote unajumlishwa mkononi mwako. Bushi nne zilizolika milimita moja moja hazionekani ukizitazama peke yake, lakini mkono unaning'inia.

Kuhusu spea: hata mimi sikupata za dukani. Nilipeleka pini na mikono kwa karakana ya kuchongea vyuma, wakapanua yale matundu yaliyoharibika yawe duara tena, wakachonga bushi za kipimo hicho na pini mpya. Kazi ya asubuhi moja kwao. Peana vipande vyote kwa pamoja, wasichonge kwa kukisia.

DerevaTunduma

Wakuu, mimi nitasimama upande wa pili kwa sababu nimeiishi gia ya chini kwenye Hilux yetu na sirudi nyuma.

Bushi za kuchonga sawa, lakini kolamu yenyewe ikichoka ndani, bomba likapinda au kichwa kikapasuka, unaitoa wapi? Giaboksi za gia ya chini za Toyota zipo, mafundi wanazijua, spea zake ziko kila mji. Sisi tuliweka W50, ile ya gia tano iliyokuwa nyuma ya injini za 18R na 20R, gari yetu ikiwa na 18R. Ukitoka Mbeya kwenda Iringa hiyo gia ya tano unaisikia: injini inatulia, haipigi kelele, na mafuta yanapungua.

Lakini ajue anachoingia. Giaboksi ya gia ya usukani haina tundu la mkono juu, mikono yake iko ubavuni. Kwa hiyo huhamishi mkono, unabadilisha giaboksi nzima. Ikija giaboksi nyingine ndefu kuliko ya kwanza, propela, ile shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, lazima ikatwe na kubalansiwa, na ule mkono wa chasisi unaoshikilia giaboksi unasogezwa, matundu mapya yanatobolewa. Meno ya sahani ya klachi yalingane na shafti. Kebo ya spidomita na waya wa taa ya rivasi navyo vinatafutiwa mahali.

Kukata sakafu ndiyo kazi ndogo kuliko zote. Funga giaboksi kwanza, weka mkono bila sakafu kuguswa, pima kutokea chini, toboa tundu dogo katikati, ndipo upanue kidogo kidogo huku unaingiza gia zote pamoja na rivasi. Ukianza na grenda kubwa utapata tundu la kuingiza paka. Kingo zipakwe rangi ya kuzuia kutu, na mpira wa kuziba uwe mzuri, maana vumbi la barabara ya shamba na joto la giaboksi vinapandia hapo hapo miguuni.

FundiSele_Gerezani

DerevaTunduma ameeleza vizuri, ila MkulimaMlali angalia jambo moja: yeye ana 18R, wewe una 12R. Kusikia zote zinaitwa R kusikufanye ununue giaboksi ya 18R ukidhani itakaa tu. Nenda na kipimo, au bora nenda na ile nyumba ya klachi yako, ulinganishe matundu ya bolti na urefu wa shafti kabla hujatoa hela. Watu wanaishia kubadilisha na injini, na hapo hesabu imeshakuwa nyingine kabisa.

Na kama kuna fundi amekwambia atakuchomelea mkono wa chini wa kuvuta hiyo mikono ya ubavuni ya giaboksi yako, kataa. Kwenye mfumo huu mkono mmoja wa dereva lazima ufanye kazi mbili, kuchagua laini na kusukuma gia, bila kuyumba. Vile vya kuchomelea vichochoroni nimeviona: vinafanya kazi siku ya kwanza, gari ikianza kutikisika barabarani unajikuta na gia mbili tu.

Mswahili_wa_Texas

Salaam kutoka Dallas. Huku swali hili lina jibu tofauti kidogo, na tofauti hiyo inaweza kusaidia kuelewa kwa nini fundi Sele anakataza.

Nina Chevrolet C10 ya 1970, gia tatu kwenye usukani. Giaboksi yake pia ina mikono miwili ubavuni, lakini mgawanyo wake ni mwingine: mmoja ni wa gia ya kwanza na rivasi, wa pili ni wa gia ya pili na ya tatu. Bushi zikiisha, mkono unanasa katikati ukitoka moja kwenda mbili. Unashuka, unafungua boneti, unasogeza mikono miwili ya chini ya kolamu ilingane, unaendelea na safari. Kila mwenye gari hii anaujua mchezo huo.

Kwa sababu kila mkono una gia zake mbili peke yake, bila kungoja mwingine uchague laini, kampuni kama Hurst zilitengeneza mkono wa sakafuni unaofungwa kwenye giaboksi ile ile, ukiwa na rodi zake fupi. Hubadilishi giaboksi wala propela. Na C10 za 1967 hadi 1972 zina kifuniko cha sakafu juu ya giaboksi kinachofunguka kwa skrubu, kwa hiyo unaweza kukata kifuniko cha mtumba ukabaki na cha kwako kizima. Wengine wanaruka moja kwa moja kwenye SM465, giaboksi ya gia nne ya malori madogo, ambayo gia yake ya kwanza ni 6.55 kwa 1. Inavuta chochote, ila ni nzito na barabarani gia hiyo ya kwanza huitumii kama huna mzigo.

Mimi nilibaki na ya usukani. Mkono wa Hurst kwenye kiti kirefu cha mbele unakuja pale pale goti la wa katikati linapokaa, na nina watoto.

MamaKabichi

Ndugu zangu, hilo la goti mlisemee kwa sauti. Mimi ndiye ninayekaa katikati kila siku ya soko. Kwenye gari ya jirani yenye gia ya chini nakaa miguu yote imebanwa upande mmoja, dereva akitafuta gia ya pili na ya nne mkono unanigonga pajani. Na tukiteremka na mzigo naogopa kusogea nisije nikaisukuma gia ikatoka. Kaka Mkulima, kama mnakaa watatu kweli, jaribu kwanza kukaa wewe mwenyewe katikati ya gari ya namna hiyo, Mlali mpaka mjini, ndipo uamue.

DerevaTunduma

Dada, hilo ni kweli, sibishi. Mkono unaweza kupindishwa mbele kidogo ukapata nafuu, lakini nafasi ya mtu mzima wa tatu haipatikani. Sisi mbele tunakaa wawili, ndiyo maana haikutusumbua.

MkulimaMlali

Wakuu nawashukuru sana. Leo nimefanya kama fundi Sele alivyoelekeza, kijana wangu akiwa ndani. Pini ya juu ina mchezo kidogo. Bushi ya mguu wa kolamu haipo kabisa, imebaki chuma kwa chuma, bomba linayumba ukilishika kwa mkono. Bushi za rodi mbili zimelika. Nikachomoa rodi, gia zote nne na rivasi zikaingia safi kwa mkono. Mpira wa giaboksi umepasuka, nilipoinyanyua kwa jeki hata mkono wa juu ulibadilika. Na rivasi injini ikiwa imezimwa inaingia, ikiwashwa inasaga, kwa hiyo na klachi inanihusu.

Nabaki na gia ya usukani. Hata ningeweka ya chini, mpira na klachi vingenisubiri pale pale. Swali la mwisho: bushi nichonge za shaba au za nailoni?

Kamaa404

Mimi nina shaba kwa pini ya juu na nailoni kwa rodi. Shaba haitaki kukaa kavu, ikikosa grisi inakula pini. Nailoni inavumilia vumbi na hailii lia.

FundiSele_Gerezani

Sawa na Kamaa, nyongeza ni hii. Mguu wa kolamu uweke nailoni ngumu, iingie kwa kubana nje na kwa ulaini ndani, bila kulazimisha bomba, maana likibana mkono utakuwa mzito na utarudi kulalamika. Pini zote ziwe na washa na koteri pini mpya, usirudishe za zamani.

Na fuata mpangilio. Mpira wa giaboksi uwe wa kwanza, kisha klachi, kisha bushi, na kurekebisha urefu wa rodi kuwe mwisho kabisa, giaboksi ikiwa imeshakaa kwenye mpira mpya. Weka giaboksi frii, mkono wa juu frii, mtu aushike usisogee, ndipo ukaze nati za rodi. Ukirekebisha rodi kabla ya mpira, kazi utairudia. Ukimaliza, jaribu gia zote gari ikiwa imesimama, kisha tembeza na mzigo nusu kabla ya kupakia tenga zote.