Kampuni ya wingu inaua makontena yetu na kutuficha sababu: nimechoka kulipia ukimya

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu baada ya kuvumilia wiki tatu, nikiamini kwamba kampuni inayotuuzia huduma ya wingu, yaani inayotukodisha seva zake kwa mtandao, ingetueleza kwa nini mfumo wetu unazimika kila jioni. Hadi leo nilichopokea ni ankara iliyopanda na barua pepe za upole zisizo na jibu. Jina la kampuni sitalitaja, kwa sababu mazungumzo yetu bado hayajafungwa na nataka hoja ipimwe kama ilivyo.

Mteja wangu mkubwa ni kampuni ndogo ya mabasi inayosafirisha mizigo ya watu kati ya Dar es Salaam na Mwanza. Karani aliyeko kituo cha Magufuli, pale Mbezi, anapokea mzigo, anaupiga picha kwa simu, anaandika jina na namba ya mpokeaji, kisha mfumo unatoa namba ya siri ambayo mpokeaji ataitaja akifika kituo cha Nyegezi, Mwanza, kuuchukua. Picha ile ndiyo ushahidi pekee wa hali ya mzigo ulipokabidhiwa, na mtu akidai kwamba boksi lake lilifunguliwa njiani, tunaangalia picha na ubishi unakwisha. Programu nimeifunga kwa zana ya Docker katika imeji, yaani furushi lenye programu na vyote inavyohitaji, ambalo likiwashwa huitwa kontena, na kuipandisha kwenye kifurushi cha MB 512 za RAM, ambacho kwa maelezo ya kampuni yenyewe kinafaa kwa biashara ndogo.

Kuanzia saa kumi na moja jioni, watu wanapoleta mizigo ya magari ya alfajiri, mfumo unakatika. Mara ya kwanza unarudi baada ya sekunde chache, ukikatika tena unachelewa zaidi, na ikifika saa moja usiku foleni ya wateja imefika nje ya mlango huku karani akiandika kwenye karatasi. Ninafungua dashibodi na kukuta alama ya kijani na neno «Inaendesha». Ninafungua logi, yaani kumbukumbu za matukio ya programu, nazo zinaanza dakika ileile kontena jipya lilipowashwa, bila mstari hata mmoja wa kontena lililokufa kabla yake. Niliandika kwa huduma kwa wateja mara nne, nikaambiwa mara nne kwamba kwa upande wao hakuna hitilafu.

Nikaamua kuchunguza mwenyewe. Nilipima muda kati ya kukatika na kurudi, nikapata takriban sekunde 10, kisha 20, kisha 40, ukiendelea kujizidisha mara mbili hadi ukaganda kwenye dakika 5. Aliyewahi kuendesha Kubernetes, mfumo unaowasha na kusimamia makontena kwenye seva, anautambua mwendo huo mara moja: ndivyo inavyochelewesha kuwasha upya kontena linaloanguka mfululizo, na dakika 5 ndiyo kikomo chake cha kawaida. Vigezo vya mazingira ndani ya kontena langu navyo vilikuwa na jina la Kubernetes, hivyo sikubahatisha. Kisha nikachukua imeji ileile, nikaiendesha kwenye kompyuta yangu kwa Docker nikiibana kwenye MB 512, na nikaituma picha kumi kwa pamoja. Ilikufa palepale kwa msimbo 137, na Docker ikaonyesha waziwazi kwamba kontena limeuawa kwa kumaliza RAM iliyopewa.

Kwa wasioufahamu msimbo huo: 137 ni 128 kujumlisha 9, na 9 ni ishara ya kuua ambayo Linux haiipi programu nafasi ya kuipinga wala ya kuaga. Kontena linaposimamishwa kistaarabu hutumiwa kwanza ishara 15, na Kubernetes kwa kawaida hulipa sekunde 30 za kumaliza kazi iliyo mkononi kabla ya kulilazimisha. RAM ikizidi kikomo, hatua hiyo ya ustaarabu hairukwi na Kubernetes bali haipo kabisa, kwa sababu keneli yenyewe, kiini cha Linux, ndiyo inayoua, na picha iliyokuwa ikipokelewa wakati huo inapotea pamoja na kila kitu.

Kosa langu nalikiri bila kulizungusha. Picha ya simu ya pikseli 4,000 kwa 3,000 inaweza kuwa na MB 4 tu ikiwa kwenye diski, lakini programu inapoifungua ili kuipunguza, kila pikseli inachukua baiti 4, na hesabu inafika baiti milioni 48. Makarani kumi wakituma kwa wakati mmoja, picha peke yake zinameza karibu MB 480, wakati programu yangu ikiwa imetulia tayari inatumia zaidi ya MB 100. Hapo hakuna namna ya kutosha. Nimekwisha kurekebisha: simu inapunguza picha kabla ya kutuma, na seva inazishughulikia moja baada ya nyingine. Kazi hiyo ilinichukua siku moja na nusu.

Siku moja na nusu, baada ya wiki tatu za kupapasa gizani! Hilo ndilo linaloniuma, kwa kuwa habari niliyoihitaji kampuni ilikuwa nayo muda wote. Kubernetes hutunza sababu ya kifo cha kontena lililotangulia, msimbo wake wa kutokea na saa lilipokufa, na amri moja tu inatosha kutoa logi zake za mwisho. Kuna mtu aliyeketi akabuni dashibodi ile, akaamua kwamba mteja ataona alama ya kijani na kwamba sababu ya kifo haitamfikia. Karani wa Mbezi mzigo ukimpotea anaandika kwenye daftari ni wa nani, ulipakiwa gari gani na saa ngapi, na asipoandika anakatwa mshahara. Kampuni yenye wahandisi na mitambo inashindwaje kutimiza wajibu ambao karani anautimiza kwa kalamu?

Katika jibu la tano walinishauri nihamie kifurushi cha GB 1. Nilihama, ada ya mwezi ikawa zaidi ya mara mbili, nikiilipa kwa dola huku mteja wangu akinilipa kwa shilingi, na mfumo ukakaa siku nne kabla ya kuanguka tena jioni ya Ijumaa. Wakanishauri GB 2. Aliyetoa ushauri huo alikuwa na uwezo wa kuona kwamba kontena linauawa kwa RAM, la sivyo asingejua kwamba dawa ni kuongeza RAM, lakini hakuniandikia sentensi hiyo moja. Kumuuzia mtu dawa bila kumtajia ugonjwa siwezi kukuita huduma.

Lipo pia suala la diski. Ukurasa wa bei unasema kila kifurushi kina «diski ya GB 10», bila neno lolote kuhusu uhai wake. Kontena linapokufa na kuwashwa upya, linaanza na faili zilizomo kwenye imeji tu, na vyote vilivyoandikwa ndani yake baadaye vinafutika, isipokuwa vimehifadhiwa kwenye diski ya kudumu iliyounganishwa kando. Ijumaa ile tulipoteza picha za mizigo 143. Kwa bahati, majina na namba za wapokeaji vilikuwa kwenye hifadhidata iliyo mahali pengine, kwa hiyo mizigo iliwafikia wenyewe, isipokuwa mama mmoja anayedai kwamba cherehani yake ilifika imevunjika mguu, nasi hatuna picha ya kumwonyesha wala ya kujitetea. Mteja wangu amemlipa kutoka mfukoni, na ameniuliza swali moja tu ambalo sikuweza kulijibu: kama diski inafutika, kwa nini wanaiita diski?

Nimewaandikia tena asubuhi ya leo nikitaka mambo matatu: msimbo wa kutokea na sababu ya kila kifo vionekane kwenye dashibodi, logi za kontena lililokufa zihifadhiwe angalau saa 24, na ukurasa wa bei useme kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi kwamba diski hiyo ni ya muda. Nimedai pia nirudishiwe tofauti ya ada niliyolipishwa kwa ushauri usio na maelezo.

Wenye uzoefu na watoa huduma wengine, naomba mniambie ni nani anayewaonyesha wateja logi za kontena lililotangulia bila kuziomba, na anayepokea malipo kwa njia ambayo mtu wa Tanzania anaweza kuitumia bila kadi ya dola. Mkataba wangu unafikia kikomo mwisho wa mwezi huu, na imeji yangu iko tayari kuhamishwa.