Natafuta njia ya kufungua faili la mteja kwa kuandika jina tu

Karani wa Mwanjelwa

Habari za kazi wakuu. Nina steshenari ndogo karibu na soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya. Nachapa mikataba ya kukodi mashamba, mihtasari ya vikoba, barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za msingi. Kazi ya miaka sita yote imo kwenye kompyuta moja: Windows 10, RAM GB 4, diski ya zamani ile inayozunguka.

Jana asubuhi mzee mmoja kashuka na viazi kutoka Uporoto, anataka nakala ya mkataba niliomchapia mwaka juzi. Nikaingia folda hii, nikatoka, nikaingia ile. Dakika kumi zikapita na gari linampigia honi. Akaondoka mikono mitupu. Imeniuma sana, maana mkataba ulikuwemo. Nimeukuta jioni ndani ya folda niliyoiita "Wateja wapya".

Nasikia kuna programu unaziita kwa vitufe viwili, unaandika herufi chache za jina, unabonyeza Enter, faili hilo hapo. Ipi haitailemea mashine yangu?

Fundi wa Uyole

Dada, anza na Everything ya voidtools, ni ya bure. Diski yenye mfumo wa NTFS, yaani namna Windows inavyopanga mafaili kwenye diski, inatunza daftari lake la kila faili lililomo. Everything inasoma daftari hilo, haizunguki folda moja moja, ndiyo maana ni nyepesi. Wenyewe wanasema Windows 10 mpya, yenye mafaili kama 120,000, inaorodheshwa kwa sekunde moja hivi na inatumia MB 14 za RAM. Kisha ingia Tools, Options, Keyboard, uipe vitufe vya kuiita. Flash za wateja nyingi zinatumia mfumo mwingine, FAT32, hazina daftari hilo, kwa hiyo usishangae zisipoonekana mpaka uongeze folda yake kwa mkono.

Mwalimu wa Mafinga

Mimi natumia PowerToys Run, programu ya Microsoft, naiita kwa Alt na Space. Inafungua programu, inafungua faili, hata hesabu inapiga. Ila kwenye mafaili inategemea orodha ya Windows yenyewe; folda isiyokuwa kwenye orodha hiyo haitokei. Kwa GB 4 namuunga mkono fundi.

Lakini dada, hakuna programu itakayokuokoa kama majina ni mabovu. Faili lipe jina kwa maneno ambayo mteja atayatamka akifika mlangoni: "mkataba shamba viazi Uporoto 2023". Everything haijali mpangilio wa maneno. Andika "viazi mkataba", litakuja. Ukitaka ya Word pekee, ongeza ext:docx. Kutafuta maneno yaliyo ndani ya faili inaweza pia, ila hapo itakwenda polepole, hasa kwa diski yako.

Karani wa Mwanjelwa

Ndaga fijo, asanteni sana wote wawili. Nimeiweka jana usiku, nikaipa Ctrl na Space. Leo mama wa kikoba kaja, nimeandika "muhtasari kikoba", yametoka matatu, la juu ndilo lake. Alikuwa hata hajakaa kwenye benchi.

Mwalimu, la majina umenigusa. Nimeandika "barua mpya" nikakuta mafaili 41, ya watu mbalimbali. Nimeanza kuyabadilisha jina, kumi kila jioni kabla ya kufunga.

Na jingine nimeliona leo, wenye steshenari mlizingatie: ukiandika, orodha inatoa majina ya wateja wengine pia, na anayesubiri amesimama begani kwako. Mkataba wa mtu ni siri yake. Nimegeuza meza, kioo sasa kinatazama ukutani.

Fundi wa Uyole

Sawa kabisa dada. Na ukimaliza majina, nakili folda yote kwenye diski ya nje. Hiyo yako ni ya zamani.