Lambo dogo la udongo kwa ajili ya samaki na wanyama: naomba msaada wa vipimo

Mwana_Korongo

Habari wakuu. Kijiji chetu, kusini mwa Manyoni, kimetenga eneo la hifadhi kwenye korongo la msimu ambalo maji yake hushuka Mto Kizigo. Tunataka lambo dogo la udongo. Si la kumwagilia. Lengo ni samaki wa asili wapate pa kujihifadhi kiangazi, na ndege na wanyamapori wapate maji.

Vipimo vya awali ni hivi: tuta lina urefu wa mita 60 na kimo cha mita 4 katikati ya korongo. Lambo likijaa, kina ni mita 3, upana wa maji kwenye tuta ni mita 45, na maji yanarudi nyuma mita 180 hivi. Eneo linaloleta maji ni kilomita za mraba 2. Utoro, yaani njia ya pembeni ya kutolea maji yanayozidi, tumeuchora upana wa mita 4. Juu kuna udongo mwekundu wa kichanga, chini yake mfinyanzi wa kijivu. Katapila tutalipata kwa siku chache tu.

Naomba mnisaidie: miteremko ya tuta iweje, utoro unatosha, tuweke bomba la kutolea maji au tuache, na samaki gani wapandwe na lini?

FundiTuta

Mkuu, nianze na utoro, kwa sababu hizo mita 4 ndizo zitakazoua lambo lako. Malambo mengi ya udongo hayafi kwa kuvuja, hufa kwa maji kupanda juu ya tuta mvua kubwa ikinyesha. Udongo ukishaanza kulika mgongoni, saa moja inatosha kukata tuta zima.

Fanya hesabu. Utoro mpana wenye kizingiti bapa hupitisha takriban 1.7 × upana × kina cha maji kwa kipeo cha 1.5. Maji yakipita kwa kina cha nusu mita, kila mita moja ya upana inapitisha mita za ujazo 0.6 kwa sekunde. Kwa mita 4 hiyo ni 2.4 tu. Kilomita za mraba 2 za nchi kame yenye ardhi ngumu zinaweza kuleta mita za ujazo 10 kwa sekunde kwenye dhoruba kubwa. Unahitaji upana wa mita 16 hadi 17. Najua ni mkubwa, lakini ni kazi ya kuchimba tu, haina saruji.

Uchimbe kwenye ardhi ya asili pembeni ya tuta, kamwe usiwe juu ya udongo uliojazwa. Kizingiti kiwe sawasawa kwa pimamaji, kwa sababu sehemu iliyo chini kidogo itakusanya mkondo wote na kuchimbika. Panda ukoka mwezi mmoja au miwili kabla ya mvua kubwa na uumwagilie, halafu hakikisha maji yanarudi korongoni mbali na kitako cha tuta.

Tuta lenyewe: mgongo upana wa mita 3. Upande wa maji, kwa kila mita 1 ya kimo toa mita 3 za mlalo. Upande mkavu, mita 2. Hivyo pale penye kimo cha mita 4 kitako kina upana wa mita 23. Kama korongo lina umbo la V, tuta litakula karibu mita za ujazo 1,160 zilizoshindiliwa. Ongeza mtaro wa msingi, upana mita 2 na kina mita 1 kwa urefu wote: 120 nyingine. Udongo ukishindiliwa hupungua, kwa hiyo panga kuchimba zaidi ya 1,600. Jenga kimo cha mita 4.4 katikati, maana tuta hushuka kama asilimia 10.

Mtaro wa msingi ndio roho ya tuta. Uingie angalau nusu mita ndani ya ule mfinyanzi wa kijivu. Ukiishia kwenye mchanga, maji yatapita chini hata tuta likiwa zuri namna gani. Kabla ya hapo ondoa udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 20 hadi 30, uweke kando. Utaurudisha upande mkavu ili nyasi zishike.

Na katapila lisiwadanganye. Minyororo yake imetengenezwa kusambaza uzito, kwa hiyo kupita juu ya udongo hakuushindilii vya kutosha. Tafuteni mtambo wa kushindilia wenye meno kama kwato za kondoo, au trekta lenye trela lililojaa, lipite mara 6 hadi 8 kwenye kila tabaka la sentimita 15. Udongo uwe na unyevu wa kutosha: ukiuviringisha mkononi uanze kukatika ukifika unene wa milimita 3 hivi. Ukikatika mapema ni mkavu, nyunyiza maji. Ukizidi kuwa mwembamba bila kukatika umelowa, subiri.

Kwa kuwa Kizigo iko bonde la Rufiji, kibali ombeni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Iringa, kabla katapila halijafika. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inahusu hata lambo la ukubwa huu.

MpimaUdongo

Naunga mkono, ila mfinyanzi wa kijivu usiuamini kwa rangi. Baadhi ya mfinyanzi wa nchi kame una chumvi ya sodiamu nyingi, nao huyeyuka ukikutana na maji ya mvua. Tuta linatobolewa kutoka ndani wakati nje linaonekana zima. Kipimo ni rahisi: chukua punje kavu za ukubwa wa maharage kutoka mashimo manne au matano tofauti, zitie kila moja kwenye glasi ya maji safi ya mvua, usikoroge. Baada ya dakika 10 angalia. Punje ikimomonyoka lakini maji yakabaki maangavu, sawa. Wingu kama maziwa likitanda chini ya glasi, udongo huo ni hatari.

Bomba ningeliacha. Bomba ndani ya tuta ndiyo njia ambayo maji hupenda kufuata, kwa sababu udongo wa chini ya mzingo wake haushindiliki vizuri. Tembo nao huyang'oa mabomba na koki. Mkihitaji kushusha maji, tumieni mpira wa sifoni, yaani mpira uliojazwa maji unaoyavuta kutoka lambo hadi chini upande mkavu, kupitia mgongoni.

Mwana_Korongo

Asanteni sana. Nimefanya kipimo cha glasi kwa mashimo matano. Matatu maji ni maangavu, mawili ya karibu na utoro yametoa wingu. Nifanyeje? Na mbuga jirani kuna udongo mweusi mwingi, unafaa?

MpimaUdongo

Chimba kwenye yale matatu, hayo mawili yaache kabisa. Kwa kuwa mashimo mabaya yako karibu na utoro, ukoka peke yake hautoshi hapo: tandaza changarawe kwanza, juu yake mawe, hasa pale maji yanapoanza kuteremka.

Udongo mweusi wa mbuga hupasuka ukikauka, na nyufa hizo hufika mbali. Juu ya tuta usiuweke. Unaweza kujaza mtaro wa msingi tu, ambako unyevu haukauki.

BibiKambare

Ndugu yangu, upande wa samaki tatizo lako ni Oktoba, si Machi. Kiangazi cha huko kina siku zaidi ya 200. Jua na upepo hula kama milimita 6 kwa siku, yaani mita 1.2, na uvujaji wa milimita 1 hadi 2 kwa siku unaongeza sentimita 20 hadi 40. Kina cha mita 3 kinabaki mita 1.4. Sasa angalia: lambo likijaa lina kama mita za ujazo 4,050 (upana 45 × urefu 180 × kina 3, gawa kwa 6). Kina kikibaki chini kidogo ya nusu, maji hayabaki nusu. Hubaki sehemu ya kumi hivi, kama mita za ujazo 400, na hayo ni kabla tembo hawajaja kunywa.

Kwa hiyo udongo wa tuta uchimbeni ndani ya lambo lenyewe. Shimo la mita 20 kwa 20, kina mita 1.5, linawapa samaki mita za ujazo 600 za kujificha. Liwe mbali na kitako cha tuta, angalau mita 15, na msitoboe mfinyanzi hadi mchanga.

Samaki: tafadhali msilete sato (Oreochromis niloticus). Bonde la Rufiji lina perege wake wa asili, Oreochromis urolepis, na sato huzaana naye hadi mbegu ya asili inapotea. Lambo lenu likimwaga, sato atafika Kizigo. Chukueni vifaranga vya perege kutoka maji ya bonde hilohilo, na mtaalamu wa uvuvi awatambue kwanza. 500 vinatosha, watazaana. Subirini tope litulie: ingiza mkono hadi kiwiko, kama vidole vinaonekana kwa shida na maji ni ya kijani, panda. Kama maji ni ya kahawia na vidole havionekani kabisa, subiri. Kambare msimpande, mara nyingi atapanda korongo mwenyewe, na mwaka wa kwanza atamaliza vifaranga.

Ukingo mmoja, mbali na tuta, uchongwe mteremko mdogo sana, mita 1 kwa mita 10. Hapo ndipo ndege kama korongo, kwarara na yangeyange watakapotembea wakila maji yakishuka, na wanyama watakunywa bila kukanyaga tuta. Acheni magogo makavu chini ya maji, perege wadogo wanayahitaji. Ng'ombe wapewe birika lao nje.

FundiTuta

Nyongeza mbili. Tope: mabwawa ya Ikowa na Matumbulu karibu na Dodoma yalipimwa zamani na tope likakutwa linayajaza kwa kasi. Juu ya lambo wekeni mistari ya mawe na nyasi kukatiza korongo, na mifugo isilishe hapo.

Pili, lambo likijaa mara ya kwanza, mtu atembee kitako cha upande mkavu kila siku. Unyevu au maji maangavu yanayotoka kidogo, wekea alama na upime kila siku kwa ndoo na saa. Maji yakitoka na rangi ya udongo, usizibe kwa mfinyanzi, yatatafuta pengine. Mwaga mchanga safi juu ya chemchemi hiyo, kisha changarawe, kisha mawe, ili maji yapite na udongo ubaki, halafu shusha lambo kwa sifoni usiku huohuo. Miti yoyote inayoota kwenye tuta ing'olewe ikiwa bado fimbo.