Dawa moja, tezi dume na upara: inakuwaje?

Kijana_wa_Muheza: Wakuu, nisaidieni. Mzee wangu ana miaka 71, usiku anaamka kila saa kukojoa. Daktari kamwandikia finasteridi ya miligramu 5. Nafika duka la dawa, nakuta dogo wa mtaani ananunua finasteridi hiyo hiyo, ya miligramu 1, eti ya kuzuia upara! Sasa mzee anatibiwa tezi au nywele? Maana kichwa chake kiling'aa kabla sijazaliwa.

Dada_wa_Kaunta: Mkuu, hujauziwa mbuzi kwenye gunia. Nauza dawa, swali hili naulizwa sana. Kuna jeni inaitwa SRD5A2, kwenye kromosomu ya 2. Hiyo ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa DHT, homoni yenye nguvu zaidi. Uzeeni DHT inakuza tezi dume. Kwa waliorithi upara, inadhoofisha mashina ya nywele za utosini. Finasteridi inakizuia kimeng'enya hicho, basi.

Utamu uko kwenye chanzo chake. Jamhuri ya Dominika kuna kijiji cha Salinas, watoto wengine walizaliwa wakadhaniwa ni wasichana, wakalelewa hivyo. Balehe ikaja na sauti nzito na misuli! Mtafiti Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika habari zao mwaka 1974. Kumbe walirithi hitilafu ya jeni hiyo ya SRD5A2 kwa baba na kwa mama, DHT yao ikawa haba. Ukubwani tezi dume zao zilibaki ndogo, na upara hawakuujua. Watengeneza dawa wakaona njia. Marekani iliiruhusu finasteridi kwa tezi mwaka 1992, kwa nywele 1997.

Mzee_Kijana: Na ile shughuli ya ndani haiharibiki?

Dada_wa_Kaunta: Kwa baadhi hamu hupungua, au mambo hayasimami vizuri. Asione haya, amwambie daktari.

Kijana_wa_Muheza: Asante dada. Kwa hiyo mzee ataota nywele?

Dada_wa_Kaunta: Kitana usimnunulie 😂 Avumilie tu, nafuu ya mkojo huchukua miezi, hata 6. La muhimu: dawa hii hushusha namba ya PSA, kipimo cha damu cha kuchunguza saratani ya tezi dume, karibu nusu. Akienda kupimwa popote aseme anaitumia, la sivyo saratani inaweza kujificha nyuma ya namba nzuri. Na kama nyumbani kuna mjamzito, asishike kidonge kilichovunjika. Mtoto wa kiume tumboni anaihitaji DHT ili maumbile yake yakamilike.

Kijana_wa_Muheza: Wife ana miezi minne, na ndiye anayemkatia mzee vidonge. Ngoja nipige simu sasa hivi.