Ukoo wa Muheza 🌴 (Leeds, Hull, Bradford na Nyumbani)

JUMATANO

19:02 Mama Stella: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Jumamosi ndiyo ile safari ya kumtembeza Bibi. Tunakwenda Wharram Percy, yale mahame upande wa Malton, tukaone gofu la kanisa. Nataka majina na nafasi za magari leo leo

19:04 Mama Stella: Kuingia ni bure. Asitokee mtu kuniambia mwisho wa mwezi

19:37 Mama Stella: Naona mmesoma watu kumi na moja

19:40 Juma: Kanisa lina paa au halina? Mimi Muislamu, kama halina paa nahesabu uwanja tu 😂

19:41 Mama Stella: Halina shem. Na mnara umebaki nusu, sehemu iliporomoka 1959

19:42 Juma: Saa nzima na ushee barabarani kwenda kuona nusu mnara

19:48 Mama Stella: Mimi nilifika mwezi wa nne ndiyo maana nang'ang'ana. Simama ubavuni mwa ukuta uangalie. Kuna matao yamezibwa kwa mawe. Watu walipoongezeka kanisa likapanuliwa ubavuni, walipopungua wakabomoa ule upande wakaziba matao. Kama mtu anayeongeza vyumba vya wapangaji, halafu wapangaji wanahama

19:49 Denis: Walihama kwenda wapi shangazi

19:51 Mama Stella: Wa mwisho waliondolewa, karibu mwaka 1500. Mwenye ardhi alitaka malisho ya kondoo. Lakini kanisa halikufa siku ile, watu wa kijiji jirani cha Thixendale waliendelea kulitumia mpaka wakajengewa la kwao 1870. MAJINA JAMANI

19:55 Denis: Mbona husemi ile ya mifupa

19:55 Mama Stella: Denis

19:57 Denis: 2017 wataalamu walitoa matokeo. Mifupa 137 ya watu wasiopungua 10, ina alama za visu na mingine imechomwa. Ilikutwa kijijini kati ya nyumba, siyo makaburini. Wanadhani wanakijiji waliwakata wafu wao wasije wakaamka kutembea usiku

19:58 Juma: MISUKULE 😂😂😂

19:58 Mama Neema: Kumbe na Yorkshire wana Gamboshi yao, kijiji cha wachawi

19:59 Juma: Sasa mimi nakuja. Andika jina

20:00 Denis: Nibebe jiko la mkaa?

20:03 Mama Stella: Hapana. Lile eneo linalindwa kisheria, liko chini ya English Heritage, wale watunza majengo ya kale. Hakuna moto, hakuna kuchimba, hakuna kuondoka hata na kijiwe. Na Baba Denis, ile mashine yako ya kutafuta vyuma ibaki gereji. Kuitumia pale bila kibali ni kosa, kuna sheria ya 1979

20:20 Baba Denis: Nani kasema nitaibeba

20:21 Denis: Baba ameichaji tangu jana

20:24 Baba Denis: Nilitaka kujua tu. Watu walichimba pale kila kiangazi, 1950 mpaka 1990. Miaka arobaini hawakuona hata pete?

20:26 Mama Stella: Waliona watu. Mifupa ya karibu watu 700 pale kanisani

20:27 Mama Stella: Turudi kwenye mambo ya maana. Toka maegesho mpaka chini ni zaidi ya kilomita moja, njia inateremka, ina matope na ng'ombe. Choo hakuna. Magoti ya Bibi mnayajua. Kinatakiwa kiti cha kukunja na gari lenye mlango mpana. Baba Denis?

20:41 Baba Denis: Langu safari hii hapana. Whitby nilijaza mafuta mwenyewe kwenda na kurudi, na ile ndoo hakuna aliyeisafisha

20:42 Mama Neema: Tuliomba msamaha wa ndoo

20:42 Baba Denis: Aliomba nani

20:43 Juma: Ndoo iingizwe kwenye orodha ya vitu vinavyolindwa kisheria 😂

20:58 Eliza: 🎤 Ujumbe wa sauti 0:52

20:59 Mama Stella: Eliza niko kwenye basi, siwezi kusikiliza

21:06 Eliza: Ni Bibi. Anasema niandike kama alivyosema.
"Nimesomewa mnayoandika. Kanisa la watu waliokufa zamani wenyewe wanalifyekea majani na wameliwekea sheria. Vizuri. Kaburi la baba yenu kule Magila lina msalaba wa mbao, huu mwaka wa sita, mchwa wameshafika kwenye mikono ya msalaba. Hela ya kujengea ilichangwa. Sikuuliza. Jumamosi nitakwenda, na atakayenipeleka ni yule aliyewekewa hela."

21:07 Juma: Ujumbe huu umefutwa

22:30 Mama Stella: Mama tumesikia

ALHAMISI

06:12 Baba Neema (Hull): Shikamoo mama. Nilikuwa zamu ya usiku. Nitakufuata Jumamosi saa mbili asubuhi

06:40 Mama Stella: Saa mbili kamili au saa mbili ya Whitby?

06:55 Baba Denis: Aje na hesabu ya saruji

07:01 Baba Neema (Hull): Kaka hayo tutaongea tukionana. Siyo hapa

07:02 Baba Denis: Hapa ndipo tulipochangishana

07:03 Mama Neema: Jamani watoto wamo humu

07:15 Eliza: Bibi anasema marahaba. Anauliza kama kule chini kuna kivuli

07:20 Mama Stella: Kuna miti na kuna bwawa karibu na makaburi. Atapumzika pale. Mpaka sasa nina Juma, Denis, Eliza, Bibi, Hull. Mama Neema unakuja au ndiyo unasindikiza hesabu?

11:48 Mama Neema: Nitaangalia zamu

12:30 Baba Denis: Kama kweli anakwenda na hesabu, na mimi nitakuja. Kwa gari langu. Peke yangu

12:31 Mama Stella: Una nafasi nne humo ndani

12:31 Mama Stella: Baba Denis

16:05 Mama Stella: Kiti cha kukunja bado hakina mwenyewe