Hazina ya apu ya mtaa: huria pekee, au tupokee na zilizofungwa?

Seva_ya_Mtaa (Kariobangi)

Wadau, habari zenu.

Kikundi chetu cha watumiaji wa kompyuta kinaandaa hazina ya apu, ili wanachama wapakue kwa Wi-Fi ya ukumbi badala ya kila mtu kuchoma bando lake. Apu moja ya MB 60 ikiingia kwenye simu 40 ni GB 2.4, na hapo masasisho hayajahesabiwa. Seva ni kompyuta ya kawaida yenye Debian, mfumo endeshi wa Linux. Upande wa simu tutatumia F-Droid, duka la apu huria za Android, kwa kuwa kikundi chochote kinaweza kuanzisha hazina yake na wanachama wakaiongeza kwa kuskani picha ya QR.

Tumekwama kwenye swali moja. Baadhi yetu wanataka programu huria pekee, yaani zile ambazo yeyote anaweza kusoma msimbo wake, kuubadilisha na kuusambaza. Wengine wanasema watu wanahitaji apu ya benki, ya ofisi na ya ramani, na wasipozipata kwetu watawekewa na yeyote mwenye flashi. Je, tupokee zote mbili? Naomba majibu ya kisheria na ya kiufundi, maana hoja za moyo tumeshazisikia.

---

Chujio

Mkuu, pokeeni zote mbili, lakini zisikae rafu moja wala zisipimwe kwa kipimo kimoja.

Kwanza tofautisheni kuorodhesha na kuhifadhi faili. Programu huria, leseni yake yenyewe inakuruhusu kusambaza nakala. Iliyofungwa mara nyingi inakuruhusu kuitumia tu, na kupatikana bure hakumaanishi umeruhusiwa kuigawa. Flathub, hazina ya apu za Linux, inapokea aina zote mbili, ila kwa zilizofungwa nyingi inahifadhi maelekezo ya usakinishaji tu. Faili lenyewe kompyuta yako hulichukua kwa mwenye programu. Leseni huandikwa wazi kwenye ukurasa wa kila apu, na asiyetaka zilizofungwa huongeza hazina hiyo kwa chaguo la `--subset=floss`, zisionekane kabisa.

Debian nao kwa miaka mingi wametenganisha hazina yao sehemu tatu: main (huria), contrib (huria zinazotegemea zilizofungwa) na non-free (zilizofungwa). Mwaka 2022 walipiga kura, na Debian 12 ya mwaka 2023 ikaja na firmware (programu ndogo zinazoendesha vifaa) zilizofungwa ndani ya diski ya usakinishaji, kwa sababu laptopu nyingi bila hizo hazipati Wi-Fi. Zimewekwa sehemu yake, non-free-firmware, na mtumiaji anaarifiwa. Mradi haukupoteza msimamo wake kwa hilo.

Sasa upande wa kiufundi, ambako ndiko mtaumia. Tangu Agosti 2021, apu mpya za Google Play hupakiwa kwa muundo wa App Bundle. Simu haipokei APK (faili la kusakinisha apu) moja. Inapokea vipande: msingi, lugha, ukubwa wa kioo, aina ya prosesa. Mtu akinakili kipande cha msingi peke yake kutoka simu moja hadi nyingine, apu inagoma kusakinishwa au inafunguka na kuanguka. Hazina ya F-Droid inataka APK moja kamili.

Kisha apu nyingi za pesa hukagua kama zilisakinishwa kutoka Play, na zikikuta sivyo zinakataa kazi. Na hata zikikubali, zikiwekwa kwenye seva yenu zitabaki nyuma: mwenye apu anaziba tundu la usalama leo, nyinyi mnaendelea kugawa toleo la mwezi uliopita. Kwa hiyo apu za benki, za pesa na za mikopo msizihifadhi kamwe. Wekeni kiungo cha ukurasa rasmi, jina kamili la kifurushi na jina la mchapishaji herufi kwa herufi, maana watu huangukia kwenye apu zinazofanana jina. Kwa mikopo, mkopeshaji aonekane kwanza kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu.

---

Huria_Daima

Mimi napinga neno "pokeeni zote mbili". Orodha ya hazina yenu inatiwa sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wa kikundi. Mwanachama akiona apu humo anaelewa kwamba kikundi kimeikagua. Iliyofungwa utaikaguaje? Huwezi kuijenga upya kutoka msimbo wake ukalinganisha. Mei 2018, mchezo uitwao 2048buntu kwenye Snap Store, duka la apu la Ubuntu, ulikutwa unachimba sarafu za kidijitali kwa prosesa za watumiaji, na leseni yake ilikuwa imeandikwa kuwa ya kufungwa. Wakaguzi hawakuwa na msimbo wa kusoma.

Huria nayo si kinga. Machi 2024 mlango wa siri uligunduliwa kwenye xz, programu huria ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Kipande muhimu cha hila ile kilikuwa kwenye kifurushi cha kusambazwa, hakikuwa kwenye git, hifadhi ya msimbo ambayo watu husoma. Lakini mhandisi wa programu Andres Freund alipoona ssh (njia ya kuingia kompyuta kwa mbali) inachelewa nusu sekunde, aliweza kufuata uzi mpaka mwisho na kuwaonyesha wote. Kwa iliyofungwa angeishia kumwandikia mwenye programu na kungoja.

Jambo la pili ni nani anakuja kuimiliki kesho. Simple Mobile Tools, mkusanyiko wa apu huria za Android, ziliuzwa mwaka 2023. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, wachangiaji walichukua toleo la kabla ya mauzo wakaanzisha Fossify, na watumiaji wakapata pa kuhamia. Apu iliyofungwa ikiuzwa, huna pa kwenda.

Ushauri wangu: hazina iwe huria pekee. Vile viungo alivyotaja Chujio vikae kwenye ukurasa wa kawaida, nje ya hazina, bila sahihi yenu.

---

Msoma_Leseni

Naona nyinyi wawili hamjatofautiana sana, ila wote mmeruka jambo. Msimbo kuonekana mtandaoni hakuufanyi kuwa huria. Mradi usio na faili la LICENSE au COPYING, haki zote zimebaki kwa mwandishi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta kama kazi za maandishi. Terraform, zana ya kusimamia seva, ilihamishiwa leseni ya BSL (Business Source License) Agosti 2023: msimbo unasomeka, lakini leseni inazuia matumizi fulani ya kibiashara, ndiyo maana OpenTofu, tawi lake huria, ikazaliwa. Kipimo ni orodha ya leseni zilizoidhinishwa na shirika la Open Source Initiative. Leseni ya programu ikiwa haimo, iwekeni upande wa zilizofungwa.

Na tafadhali tuache kuziita zilizofungwa "programu zenye hakimiliki". Hata GPL, leseni huria maarufu, inasimama juu ya hakimiliki. Bila hiyo isingekuwa na nguvu.

GPL ina wajibu pia, na vikundi vingi havijui kwamba vinawahusu. Ukigawa APK ya GPL, wewe ni msambazaji. Lazima anayepakua aweze kupata msimbo wa toleo lile lile. Njia rahisi ni kuhifadhi kifurushi cha msimbo kando ya APK kwenye seva hiyo hiyo. Kiungo cha ukurasa wa mradi peke yake kinaweza kufa au kuruka matoleo.

---

Seva_ya_Mtaa

Asanteni sana, mmetufungua macho. Basi hazina itakuwa huria pekee, viungo kwenye ukurasa tofauti. Yamebaki mawili. Wanachama wengi tayari wana apu hizo hizo kutoka Play. Je, zitasasishwa na hazina yetu? Na apu huria inayotegemea seva iliyofungwa tuiweke wapi?

---

Chujio

La pili kwanza, ni fupi. Inaingia, lakini na alama. F-Droid wana alama zao: NonFreeNet kwa inayotegemea huduma iliyofungwa, Tracking kwa inayofuatilia watu, Ads kwa matangazo. Ziandikeni kwenye faili la maelezo (YAML) la kila apu chini ya `AntiFeatures`, na mwongeze maelezo kwa Kiswahili ili mwanachama ajue apu inatuma nini na wapi.

La kwanza lina mtego. Android haikubali sasisho lenye sahihi tofauti na ile ya mwanzo. Apu nyingi za F-Droid hutiwa sahihi na ufunguo wa F-Droid, za Play zina nyingine. Mwanachama ataona "apu haijasakinishwa" bila sababu, kisha ataifuta asakinishe upya, na data yake itaondoka nayo. Wafundisheni kuhamisha data kwanza kupitia menyu ya apu yenyewe, wahakikishe faili lipo, ndipo wafute. Kwenu nyinyi, kila apu iwe na chimbuko moja, ama F-Droid ama ukurasa wa msanidi, na msibadilishe katikati. Kabla ya kuweka toleo jipya, endesheni `apksigner verify --print-certs` mlinganishe alama ya cheti na ya toleo lililotangulia. Zikitofautiana, faili lisiingie mpaka mjue kwa nini.

Hatua zenyewe: sakinisheni fdroidserver, programu ya kuunda hazina, kisha `fdroid init`, wekeni APK kwenye folda ya `repo`, endesheni `fdroid update -c`, mjaze leseni na kiungo cha msimbo kwenye folda ya `metadata`, mwisho `fdroid update` tena na `fdroid deploy`. Kwenye `config.yml` andikeni `archive_older: 3` ili matoleo ya zamani yahamishiwe folda ya `archive`.

---

Huria_Daima

Naongeza moja. Hiyo `fdroid init` inazalisha faili la `keystore.p12`, na nywila yake inakaa ndani ya `config.yml`. Nakilini vyote viwili kwenye flashi mbili, zikae kwa watu wawili tofauti, nje ya ukumbi. Diski ikifa bila nakala, mtalazimika kuunda ufunguo mpya, na kila mwanachama ataifuta hazina kwenye simu yake na kuskani QR upya.